Blenheim sio asili, naomba tuelewane

Kila nikipeleka kundi la watalii Blenheim, kasri la Oxfordshire kule Uingereza lenye bustani kubwa, tukishapita lango la upande wa Woodstock na ziwa likatokeza kule chini, lazima apatikane mmoja wa kusema "ona wenzetu walivyotunza asili yao". Wengine wanaitikia, simu juu, kepsheni ishaandikwa. Mimi nameza mate maana bakshishi inatolewa jioni. Hapa hakuna bakshishi kwa hiyo acha niseme: pale kila unachokiona kuna mtu alikipanga, akamlipa mwingine, na vibarua wakabeba udongo.

Tuanze na ziwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1700 palikuwa na kamto tu, Glyme, na juu yake Vanbrugh, mbunifu wa kasri, akajenga daraja la kutisha lenye vyumba ndani yake, vyumba kabisa vya kuingia mtu, yaani daraja kubwa kuliko maji yenyewe. Kuanzia 1764 akaja mbunifu wa bustani Lancelot Brown, yule wa jina la utani Capability, akaziba mto kwa tuta, maji yakapanda yakameza vyumba vya chini na ndo daraja likapata saizi yake. Kwa hiyo lile ni bwawa jamani, na kama bwawa lolote linajaa tope, miaka michache iliyopita ilibidi waingize mashine kulichota.

Nyasi zinafupishwa na kondoo na mashine. Miti ya mafungu mafungu ilipandwa ili iyakinge macho au iyafungulie njia. Na kwenye bustani nyingi za aina hii ng'ombe wanaonekana kama wanakuja hadi dirishani halafu hawafiki, kuna haha pale, handaki lenye ukuta upande mmoja, ukiwa ndani ya nyumba hulioni. Tuendelee.

Kinachonichosha hasa ni hiki. Watu wakizunguka upande wa magharibi wa kasri wakaona vidimbwi vimepangwa kwa rula na sanamu, wanasema aah, hii ndo bustani ya kizamani, ile kule ni asili iliyokuwepo. Ni kinyume chake! Bustani ya rula ya mwanzo kabisa ilikuwa ya mtunza bustani Henry Wise na Brown akaja akaifunika kwa nyasi hadi ukutani. Hivi vidimbwi unavyoviona leo alivichora Mfaransa, Achille Duchêne, kwa ajili ya Duke wa 9 wa Marlborough, mwenye kasri, na vilikamilika 1930. Ziwa la "asili" limeitangulia bustani ya "kizamani" kwa zaidi ya miaka 150. Nikieleza hivi watu wananiangalia kama nimewaibia kitu.

Nisiwe muongo lakini, kuna kitu cha kale kweli pale. Ukienda High Park, sehemu ya msitu humo humo Blenheim, kuna mialoni iliyokuwepo kabla Brown hajazaliwa, mingine ina karne nyingi, imetoboka katikati na bado inatoa majani. Ila hata hiyo imepona kwa sababu lilikuwa pori la mfalme la kuwindia, Henry I alilizungushia ukuta karne ya 12 na akafuga humo simba, chui na ngamia. Simba, Oxfordshire, halafu mtu katoka Arusha ananiuliza habari za asili.

Na huyu Brown mwenyewe, tunamsifia mno. Kazi zake zilisimamiwa na wasimamizi wake, karatasi alizoacha ni chache, na bustani kadhaa zimepewa jina lake kwa sababu tu zinafanana na zake. Jina linauza tiketi. Kuna sehemu mimi nasema "hii ni ya Brown" kwa sauti kubwa na moyoni sina uhakika hata kidogo.

Halafu waliokuwa wanaishi hapo? Nenda Stowe, bustani nyingine kule Buckinghamshire, ambako Brown alikuwa mkuu wa bustani tangu 1741, utakuta kanisa limejificha katikati ya miti bila nyumba hata moja pembeni. Alifunga ndoa humo 1744. Kijiji cha kanisa hilo hakipo, bustani imekila. Mbaya zaidi ni Dorset, Lord Milton hakutaka kuona mji mdogo wa Middleton ukiwa mbele ya nyumba yake, akauvunja, Brown akahusika kwenye mipango, na waliobahatika wakapelekwa kwenye nyumba 36 zinazofanana huko bondeni, familia mbili mbili kwa nyumba. Inasimuliwa kwamba kuna mwanasheria aligoma kuhama akafunguliwa maji ya bwawa mpaka mlangoni, akaenda mahakamani akashinda.

Kijiji hicho kipya ndo Milton Abbas. Kuta nyeupe, mapaa ya makuti ya kizungu, mstari mmoja barabara nzima kama kota za kiwanda, na kila anayefika anakipiga picha anaandika "kijiji cha asili cha Kiingereza".