Sijida ya babu haikurudisha damu

Wiki hii nimeisikia tena, safari hii wodini, mbele ya mgonjwa mwenyewe: "Daktari, damu imerudi kichwani kwa sababu babu hakutulia. Aliinuka akasujudu." Mjukuu alisema kwa uchungu, hakuwa na ubaya. Lakini babu, mkulima wa korosho kutoka Nanyamba, aligeukia ukutani. Nikaja kuambiwa kuwa tangu dalili zirudi anaswali amelala, kwa kuashiria macho, akiamini kajiponza mwenyewe.

Historia yake naijua hata kabla ya kusimuliwa. Wakati wa kupuliza salfa alijigonga kwenye tawi la mkorosho, akajipangusa, akaendelea na kazi. Baada ya miezi 2 kichwa kikawa kinauma, mguu wa kushoto unaburuta, majina ya wanawe yanampotea. Nyumbani wakasema ni uzee. Tulipotoboa fuvu ikatoka damu iliyovia kati ya fuvu na ubongo, nyepesi, nyeusi kama oili chafu tunayopaka nguzo kuzuia mchwa. Jioni ile ile akawaita wanawe wote kwa majina. Wiki 3 baadaye mguu ukaanza kuburuta tena.

Kwa nini damu hurudi? Umri mkubwa, damu kuvia pande zote mbili, pombe, dawa za kuzuia damu kuganda: hayo yanajulikana, siyarudii. Kinachosahaulika ni nafasi. Tikisa korosho iliyonyauka, utasikia punje inacheza ndani ya ganda. Ubongo wa mzee nao husinyaa, na ukishakandamizwa kwa wiki kadhaa hauinuki siku hiyo hiyo tunapotoa damu. Panabaki uwazi, mara nyingi na hewa ndani yake. Na ukutani mwa uwazi huo upo utando ambao mwili umeujenga wenyewe, umejaa vimishipa vichanga vinavyovuja kidogo kidogo. Tumetoa kilichovuja, kinachovujisha bado kipo. Kwa hiyo hata wale wanaosema "daktari aliacha damu" wanatafuta kosa mahali ambapo mara nyingi halipo.

Ukiniuliza tunachoweza kufanya sisi, nitasema mrija, ule tunaouacha kwenye tundu kwa muda ili damu iliyobaki itoke. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti wa Cambridge, Uingereza, wa wagonjwa 215. Waliofungwa bila mrija, damu ilirudi kwa asilimia 24 yao. Waliowekewa, asilimia 9. Tofauti ni kubwa, lakini itazameni hiyo 9: hata mrija ukiwekwa, wapo ambao damu hurudi. Babu alikuwa nao mara ya kwanza.

Kumlaza mzee chali kwa kuogopa asiinuke ndiko kunakoniumiza zaidi. Nimonia, vidonda vya mgongo, damu kuganda miguuni, vyote humfuata hapo kitandani. Ureno walilinganisha wagonjwa walioinuliwa mapema na waliolazwa. Walioinuliwa walipata matatizo machache, na damu haikurudi zaidi kwao.

Mrija ukiwa bado kichwani, mimi huwaomba wagonjwa waswali kitandani. Hiyo ni tahadhari yangu kwa ajili ya mrija na kidonda, sina utafiti wa kuiegemeza. Na lini mgonjwa arudishiwe aspirini au warfarini, zile dawa za kuzuia damu kuganda, madaktari hatujakubaliana. Mwenye vali ya chuma moyoni hunikosesha usingizi, kwa sababu nikichelewa anaweza kupata kiharusi, nikiwahi damu inaweza kuvuja tena. Ila deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe, msimnunulie mgonjwa dukani. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2020 ulionyesha kuwa inapunguza kurudiwa upasuaji, lakini waliotumia dawa hiyo walikuwa na hali mbaya zaidi baada ya miezi 6.

Babu tulimfungua tundu lile lile, tukaweka mrija mwingine, jana tukautoa. Nilimwita mjukuu nikamweleza haya yote, babu akisikia. Alfajiri ya leo nimemkuta mjukuu ameinamia kitanda na kopo, anammiminia babu maji ya kutawadha.