Stiki ya tivi kwa nyumba inayoishi kwa bando

Maduka ya simu ya Mwanga na Ujiji siku hizi hayakosi stiki za tivi, vile vidude vinavyochomekwa kwenye tundu la HDMI ili tivi ya kawaida iweze kufungua YouTube, Netflix, AzamTV Max au DStv Stream. Muuzaji atakusifia mambo mawili: ni 4K, yaani picha kali kupita HD, na Android yake ni mpya. Yote mawili yanaweza kuwa kweli na bado ukala hasara. Nyumba nyingi hapa Kigoma hazina faiba. Zina simu iliyowashwa hotspoti, au rauta ndogo ya laini. Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa stiki yoyote ni hili: saa moja ya kutazama inakula GB ngapi, na je, kuna namna ya kuibana?

Hesabu yake haina ugumu. Chukua kasi ya video kwa Mbps (megabiti kwa sekunde), zidisha kwa 0.45, unapata GB kwa saa. (Saa ina sekunde 3,600, baiti ina biti 8, Mbps 1 kwa saa nzima ni MB 450.) Video ya Mbps 5, ambayo ni kawaida kwa picha ya 1080p (HD kamili), inakula GB 2.25 kwa saa. Mechi ya timu yetu ya Mashujaa pale uwanja wa Lake Tanganyika, ukihesabu na mapumziko, inakaribia saa mbili: GB 4.5 hizo zimekwenda. Mechi ileile kwa Mbps 1.5 ni GB 1.35 tu, na kwenye tivi ya inchi 32, ukikaa mita tatu kutoka kwenye kioo, mpira unaonekana vizuri.

Watu wanashangaa kwa nini bando lililokuwa linatosha wiki nzima kwenye simu linaisha siku mbili kwenye tivi. Simu yenyewe inajibana: ina kioo kidogo, na ikiwa kwenye data ya laini programu nyingi hushusha ubora. Stiki haijui kama kuna bando. Yenyewe inaona Wi-Fi tu, inaiambia huduma kwamba hapa kuna tivi kubwa, na huduma inatuma picha bora kadiri mtandao unavyoruhusu. Ndiyo maana usiku wa manane, mtandao ukiwa mwepesi, bando linakatika haraka kuliko saa mbili usiku.

Kuibana kunatofautiana. Netflix hupangi kwenye tivi: unaingia kwenye akaunti yako kwa kivinjari, unachagua wasifu, kisha matumizi ya data. Kiwango cha chini ni hadi GB 0.3 kwa saa, cha kati GB 0.7, cha juu hadi GB 3 kwa HD na 7 kwa 4K. Fire TV, stiki ya Amazon, ina sehemu ya kufuatilia data ndani ya mapendeleo, ambako unachagua ubora wa video na kuwekea mwezi ukomo wa kukupa tahadhari. Baadhi ya stiki za Android TV (mfumo wa Google wa tivi) zina kiokoa data kwenye mipangilio ya mtandao. Kwenye Google TV na Android TV zima pia video zinazojicheza zenyewe kwenye ukurasa wa mwanzo, na kwenye Play Store zima masasisho ya kujiendesha. Stiki isiyo na hata kimoja cha hivi siipitishi kwa nyumba ya bando, hata ikiwa ya bei poa.

Sasa kodeki, ambayo wauzaji wengi hawaigusi kabisa. Kodeki ni namna ya kubana video. H.264 ni ya zamani na inafunguka kila mahali. HEVC na VP9 zinatoa picha ileile kwa data pungufu, na AV1 inapunguza zaidi ya hizo. Lakini chipu ya stiki lazima iwe na sehemu yake maalumu ya kufungua kodeki hiyo. Isipokuwa nayo, huduma inarudi kwenye kodeki ya zamani na wewe unalipia tofauti. Hapo ndipo neno 4K linapodanganya. Chromecast with Google TV ya 4K iliyotoka 2020 haina AV1. Ndugu yake wa HD aliyetoka 2022, wa bei ya chini, anayo. Xiaomi TV Stick 4K inayo. Mi TV Stick ya 2020, ile ya 1080p yenye RAM ya GB 1, haina. Kwa mtu mwenye tivi ya inchi 32 na bando, ile HD ya 2022 ni chaguo bora kuliko 4K ya 2020, ingawa sanduku la pili ndilo linalong'aa dukani.

Usiamini sanduku, jaribu mwenyewe. Fungua YouTube kwenye stiki, cheza video, nenda kwenye alama ya gia na uwashe takwimu za kiufundi. Maandishi madogo yatatokea juu ya picha. Tafuta mstari wa kodeki: av01 ni AV1, vp09 ni VP9, avc1 ni H.264. Jaribu video tatu nne zenye watazamaji wengi, maana si kila video imebanwa kwa AV1, na matangazo ya moja kwa moja mara nyingi ni H.264. Hapohapo kuna mstari wa fremu zilizodondoshwa, yaani picha ambazo stiki imeshindwa kuzionyesha. Mwanzoni zikidondoka chache si tatizo. Namba ikiendelea kupanda kila sekunde huku akiba ya video inaonyesha sekunde 20 au 30 mkononi, basi mtandao hauna kosa, chipu ndiyo imezidiwa. Akiba ikishuka hadi sifuri na kiduara kikaanza kuzunguka, hapo lawama ni ya mtandao. Ukishajua kusoma mistari hiyo miwili hakuna fundi atakayekuuzia stiki mpya kwa shida ya laini.

Kuhusu uhalali wa kifaa. Stiki na boksi zisizo na jina zinazoandikwa "RAM GB 8, hifadhi GB 128" kwa bei ya kutupa ziache. Stiki nyingi za kweli zina RAM ya GB 1 hadi 2 na hifadhi ya GB 8, na katika hizo 8 zinazobaki kwako ni kama 4 na kidogo. Namba kwenye menyu inaweza kuchezewa. Mwezi Juni 2025 FBI ya Marekani ilitoa onyo kuhusu BADBOX 2.0, programu haribifu inayokuja tayari ndani ya vifaa vya namna hii au inayoingia kupitia maduka ya programu yasiyo rasmi, na kugeuza intaneti ya nyumbani kuwa njia ya kupitishia shughuli za wengine. Kwa mwenye bando maana yake ni kwamba tivi imezimwa na GB zinaondoka. Kipimo changu: masasisho yakishaisha, iache stiki kwenye ukurasa wa mwanzo saa nzima bila kucheza kitu, kisha angalia kwenye simu hotspoti imetumia kiasi gani. Makumi ya MB sawa. Mamia, rudisha dukani.

Kwa zile za Google, fungua mipangilio ya Play Store, sehemu ya kuhusu, uone kama kifaa kimethibitishwa na Play Protect, ukaguzi wa usalama wa Google. Kisha weka programu ya DRM Info na usome kiwango cha Widevine, kufuli la Google la kulinda video za kulipia. L1 inaruhusu HD. L3 inakufungia kwenye picha ya 480p hivi kwenye Netflix na huduma nyingine za kulipia, hata stiki iwe na nguvu kiasi gani. Na kama Netflix inakuja ile ya simu, inayodai kipanya ili ubonyeze, hiyo si stiki iliyoidhinishwa.

Roku na Fire TV zina maduka yao ya programu, si Play Store. Kabla hujatoa hela, muuzaji aiwashe mbele yako na utafute programu unazotazama kweli. Wengi hutegemea kupakia faili la APK (faili la kusakinisha programu) pembeni, bila kupitia duka. Lakini Fire TV Stick 4K Select ya 2025 inatumia Vega OS, ambayo si Android, na mlango huo umefungwa.

Umeme

Hapa ndipo stiki nyingi zinapohukumiwa kwa makosa. Tundu la USB 2.0 nyuma ya tivi limekusudiwa kutoa miliampea 500 kwa volti 5, yaani wati 2.5. Stiki inakuja na chaja ya ampea 1, nyingine 1.5. Ukiichomeka kwenye USB ya tivi itawaka, menyu itafunguka, kila kitu kitaonekana sawa hadi pale video inapoanza na Wi-Fi na chipu vikataka umeme kwa pamoja. Volti inashuka, stiki inajizima na kurudi kwenye nembo. Dalili nyingine ni rimoti kukatika katika na Wi-Fi kupotea bila sababu. Mtu anasema stiki mbovu. Si mbovu, ina njaa.

Tumia chaja yake, ukutani. Waya nao unahusika: waya mwembamba wa mita 3 unapoteza volti njiani. Ukiwa na kile kipima USB kidogo cha kuchomeka katikati, usomaji wakati video inacheza usishuke chini ya volti 4.75. Chaja iwe kwenye TV gadi pamoja na tivi, kwa sababu umeme unaporudi baada ya kukatika ndipo volti inaporuka.

Kwa tivi za sola za volti 12, chukua chaja ya gari yenye USB ya ampea 2 iliyo imara na uifunge kwenye laini ya betri kupitia fyuzi. Stiki inavuta wati 3 hivi kwa wastani, kwa hiyo haiongezi mzigo mkubwa. Tivi yenyewe ndiyo mlaji.

Kuna jambo dogo linalosumbua baada ya umeme kukatika. Stiki haina betri ya saa. Ikiwaka kabla hujawasha hotspoti, tarehe yake inaweza kurudi nyuma miaka kadhaa, na programu zitakataa kufunguka zikidai hakuna intaneti ingawa Wi-Fi imeunganishwa, maana vyeti vya usalama vinakaguliwa kwa tarehe. Ingia kwenye tarehe na saa, zima ya kujipanga yenyewe, andika tarehe ya leo kwa mkono, kisha iwashe tena.

Mahali inapokaa

Usiichomeke moja kwa moja kwenye tivi. Kile kipande kifupi cha HDMI kinachokuja kwenye sanduku wengi wanakitupa, na kina kazi mbili. Kwanza kinaitoa stiki kwenye joto la mgongo wa tivi. Ikizidiwa joto inapunguza kasi na video inaanza kuganda baada ya nusu saa ingawa mwanzoni ilikuwa safi. Pili, bati la ndani ya tivi linaziba Wi-Fi. Sentimita 15 tu pembeni zinaweza kutosha kubadilisha hali.

Hotspoti ya simu iweke 2.4 GHz kama simu inakaa dirishani chumba cha pili, maana masafa hayo yanapenya ukuta wa tofali za kuchoma vizuri kuliko 5 GHz. Chumba kimoja, tumia 5. Stiki isipoiona hotspoti kabisa, sababu za kawaida ni masafa hayo, au usalama wa Wi-Fi uliowekwa WPA3 (ule mpya) peke yake, rudisha WPA2. Zima pia ile hotspoti kujizima yenyewe. Na mji wetu ni wa vilima: simu ikae pale laini inaposhika vizuri, si pale tivi ilipo.

Tivi yenyewe. Nyingi za inchi 32 zina kioo cha 1366 kwa 768, kwa hiyo 4K hapo ni mapambo. Ikiwa kingo za picha zimekatwa, tafuta kwenye menyu ya tivi ukubwa wa picha na uchague ule usiokuza. Tivi ya chogo inahitaji kigeuzi cha HDMI kwenda AV, na sishauri: herufi za menyu hazisomeki na huduma za kulipia mara nyingi zinagoma kwa sababu ya HDCP, kinga ya HDMI dhidi ya kunakili.

Sauti ikikosekana kwenye filamu fulani tu huku YouTube inasikika, stiki inatuma Dolby kwa tivi isiyoielewa. Nenda kwenye mipangilio ya sauti, zima sauti ya mzunguko, weka stereo au PCM. Sabufa iunganishe kwa waya kutoka kwenye tivi. Kwa Bluetooth midomo inaachana na maneno.

Mpira unaoonekana kwenda kwa kukatikakatika, hasa kamera inapoufuata uwanjani, huku fremu zilizodondoka ni sifuri, una sababu yake: matangazo ya huku na ya Ulaya hutengenezwa kwa fremu 25 au 50 kwa sekunde, na stiki nyingi zinatoka kiwandani zikiwa zimepangwa 60 Hz, yaani picha 60 kwa sekunde. Ingia kwenye mipangilio ya skrini, washa kulinganisha fremu kama ipo, au chagua 1080p kwa 50 Hz mwenyewe. Tivi ikikataa 50 Hz skrini itakuwa nyeusi; usiguse kitu, subiri sekunde kumi na tano hivi, na kwa kawaida itarudi yenyewe ilikokuwa.