Kichocheo katika kemia rafiki kwa mazingira

Katika kemia, kichocheo ni kitu kinachoharakisha mmenyuko bila chenyewe kumalizika. Pengine jina hilo linapotosha kidogo, kwa kuwa anayechochea moto huuongezea ukali, ilhali kichocheo kizuri huwezesha kazi ileile kufanyika kwa moto mdogo.

Wapika komoni, pombe ya kienyeji, wa Mbeya na Iringa wanakitumia siku zote, ingawa hawakiiti hivyo. Uji mzito wa mahindi ukishapoa kiasi, hutiwa unga wa kimea cha ulezi, yaani ulezi uliooteshwa, na baada ya muda mwiko uliokuwa ukikwama huanza kuzunguka kwa wepesi, na uji wenyewe ukionjwa una utamu ambao haukuwepo. Ndani ya kimea mna vimeng'enya, yaani vichocheo vya viumbe hai, ambavyo hukata minyororo mirefu ya wanga ikawa sukari. Kimea kikitiwa wakati uji ungali unatokota, vimeng'enya huharibika na uji hubaki mzito. Ni katika kimea cha shayiri ambamo Wafaransa Payen na Persoz walipata kimeng'enya cha kwanza kutambuliwa, mwaka 1833, miaka miwili kabla mkemia Berzelius wa Sweden hajaipa dhana ya uchocheaji jina la kisayansi.

Viwandani, wanga uligeuzwa sukari kwa muda mrefu kwa kuuchemsha pamoja na asidi, njia aliyoigundua mkemia Kirchhoff mwaka 1811. Asidi nayo ni kichocheo, kwa hiyo kuwa kichocheo pekee hakutoshi. Asidi hukata ovyo, hula vyuma vya mitambo, huzalisha rangi na uchungu usiotakiwa, na mwishowe makali yake lazima yaondolewe kwa alikali, jambo linaloacha chumvi ya kutupwa. Kimeng'enya huchagua mahali pa kukata. Nami naona uteuzi huo una uzito kuliko kasi, maana kisichozalishwa hakihitaji kusafishwa. Wamarekani Anastas na Warner, walipoandika kanuni 12 za kemia rafiki kwa mazingira mwaka 1998, waliweka vichocheo teuzi katika kanuni ya tisa.

Faida nyingine ni kutumika tena. Katika viwanda vya sharubati ya sukari, kimeng'enya kinachogeuza sukari ya glukosi kuwa sukari ya fruktosi hushikizwa kwenye chembe ngumu na kufanya kazi kwa miezi, lakini kimea cha komoni hutumika mara moja tu, kisha huishia kwenye machicha wanayolishwa nguruwe.