Wachongaji wa Afrika Walikuwa na Majina
Katika mihadhara ya historia ya sanaa vyuoni, imezoeleka kwamba sanamu ya Ulaya hutajwa pamoja na msanii wake, ilhali ya Afrika hupewa jina la kabila tu, kana kwamba fundi wake hakujulikana. Majina yalikuwapo, mara nyingi wakusanyaji ndio hawakuuliza. Olowe wa Ise, mchongaji Myoruba wa Nigeria aliyefariki mwaka 1938, alichonga milango ya kasri la mfalme wa mji wa Ikere inayomwonyesha ofisa Mwingereza akibebwa kwenye machela (kejeli ya upole, naona), nayo ikaonyeshwa London mwaka 1924. Hata mwaka 1988, mjane wake mmoja aliweza kughani sifa zake kwa ghibu.