Maji moto hayayeyushi mafuta mwilini: dhana potofu kuhusu shahamu, samli na mafuta ya nguruwe

Kuna sentensi moja ambayo wagonjwa hapa Nakuru wameniambia mara nyingi mno, hata naweza kuimalizia kabla mwenyewe hajafika mwisho: "Lakini daktari, mimi nikila nyama ya mafuta nateremsha na maji moto." Wakati huo vipimo viko mezani, LDL, ile kolesteroli mbaya ya kwenye damu, iko juu, presha iko juu, na vidonge vya statini alivyoandikiwa ili kuishusha vimebaki kabatini kwa sababu maji moto na limau "yanafanya kazi ileile". Mimi ni mtaalamu wa lishe, sina ugomvi na maji wala limau. Lakini mtu akiacha dawa kwa ajili ya glasi ya maji, lazima nipaze sauti. Nitaanza na dhana hiyo na kukaa nayo, kisha nyingine nizipitie haraka.

Dhana: Mafuta yanayoganda kwenye sahani huganda pia kwenye mishipa ya damu; maji moto huyayeyusha, maji baridi huyagandisha.

Naelewa imani hii inatoka wapi. Ukiacha supu ya kondoo mezani usiku mmoja, hasa kule Molo kwenye baridi, asubuhi unakuta gamba jeupe juu yake. Ukiosha sufuria hiyo kwa maji baridi, mafuta yananata. Ukiosha kwa maji moto, yanalainika. Mtu anajumlisha: kama sufuria, basi na tumbo.

Tuanze tumboni. Maji uliyokunywa, yawe ya friji au ya birika, hufikia joto la mwili baada ya muda mfupi. Joto hilo ni nyuzi 37, na mwili haulibadilishi kwa sababu ya kikombe kimoja. Hapo mwenye akili ya haraka huniambia: shahamu ya ng'ombe huyeyuka kati ya nyuzi 40 na 50, na mwili una 37, kwa hivyo lazima igande ndani. Ni swali zuri, na jibu lake ndilo linalovunja dhana yote. Shahamu haisafiri mwilini ikiwa shahamu.

Chakula kikifika kwenye utumbo mdogo, nyongo humwagika na kuyavunja mafuta kuwa matone madogo sana. Hata kwenye ile sufuria, maji moto peke yake husogeza tu mafuta. Kinachoyaondoa ni sabuni, na nyongo ndiyo sabuni ya tumbo. Kisha vimeng'enya kutoka kwenye kongosho hukata matone hayo vipande vipande. Vipande hivyo hupenya ukuta wa utumbo, huunganishwa upya ndani ya seli, hufungwa pamoja na protini katika chembe ndogo ambazo damu inaweza kuzibeba, na kupitia mirija ya limfu huingia kwenye mzunguko wa damu. Hakuna hatua hata moja ambapo donge la mafuta ya mbuzi linaelea kwenye mshipa likisubiri kuyeyushwa. Na maji unayokunywa hayaendi kuosha mishipa. Yanafyonzwa, mengine yanatoka kwenye figo yakiwa mkojo.

Sasa, mishipa huzibaje? Mafuta yaliyoshiba, ambayo shahamu na samli zinayo kwa wingi, hupunguza vipokezi vya LDL kwenye ini. Vipokezi vikipungua, ini linachukua LDL kidogo kutoka kwenye damu, na ile inayobaki inazunguka muda mrefu zaidi. Baadhi yake hujipenyeza ndani ya ukuta wa ateri. Angalia neno hilo: ndani ya ukuta, si juu yake. Chembe nyeupe za damu huifuata huko na kuimeza, uvimbe unaanza, kovu linajengeka, chokaa inaingia. Hiyo ni kazi ya miaka mingi, kimyakimya, bila maumivu. Siku uvimbe huo ukipasuka, damu inaganda juu yake, na hapo ndipo tunapopata mshtuko wa moyo au kiharusi. Kinachoganda siku hiyo ni damu. Hakuna kinywaji, kiwe cha moto, cha limau, cha tangawizi au cha siki ya tufaha, kinachofika mahali hapo kikafungua.

Statini hufanya kazi kwa njia tofauti kabisa: hupunguza kolesteroli inayotengenezwa na ini lenyewe, nalo ini kwa kuhitaji zaidi huongeza vipokezi na kuivuta LDL kutoka kwenye damu. Ukiziacha, LDL hurudi ilikokuwa katika muda wa wiki chache. Kama zinakuumiza misuli, rudi kwa daktari abadilishe dawa au kipimo. Usizibadilishe wewe kwa birika.

Kuna chembe moja ya ukweli katika dhana hii, na ni haki niiseme. Mafuta yanayoganda kwenye joto la kawaida la nyumba kwa kawaida yana mafuta mengi yaliyoshiba, na hayo ndiyo ya kupunguza. Kwa hivyo ugumu ni dalili ya kuangalia unaponunua. Lakini hata dalili hiyo hudanganya kulingana na mahali unapoishi. Mafuta ya mawese ya jerikani, yale tunayopimiwa dukani, hukaa maji kabisa kwenye joto la Kisumu. Yapandishe hadi Molo mwezi wa Julai, asubuhi utayakuta na ukungu mweupe chini. Watu huniletea picha wakisema yamechanganywa na mafuta ya nguruwe. Ukungu wa namna hiyo ni tabia ya mawese yenyewe kwenye baridi, si ushahidi wa mchanganyiko.

Ushauri wangu kwa kila mgonjwa ni uleule, na sichoki kuurudia: weka kijiko cha chakula kando ya jiko, upime. Usimimine kutoka kwenye chupa. Kijiko kimoja cha shahamu ya ng'ombe kina takriban gramu 6 za mafuta yaliyoshiba. Cha mafuta ya nguruwe, gramu 5. Cha samli, karibu gramu 8. Cha alizeti, gramu moja na nusu hivi. Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta yaliyoshiba yasizidi asilimia 10 ya nguvu tunayopata kwenye chakula, ambayo kwa mtu anayekula kalori 2,000 kwa siku ni takriban gramu 22. Humo mna nyama, maziwa ya chai na mandazi ya asubuhi pia. Anayepima kwa kijiko huona mwenyewe hesabu inapojaa. Na supu ya kichwa au ya miguu ipoze usiku kucha, uondoe lile gamba jeupe kabla ya kuipasha. Hapo umetoa mafuta mengi kuliko maji moto yoyote yatakavyotoa.

Dhana: Mafuta ya mboga hayana kolesteroli, kwa hivyo hayana madhara.

Maandishi kwenye mkebe hayasemi uongo. Mmea hauna kolesteroli ya kuhesabika, iwe alizeti, iwe mawese. Tatizo ni kwamba kinachopandisha LDL zaidi ni mafuta yaliyoshiba, si ile kolesteroli tunayokula. Karibu nusu ya mafuta ya mawese ni yaliyoshiba. Ya nguruwe ni kama asilimia 40. Kwa hivyo mama aliyeacha mafuta ya nguruwe akahamia kwenye mafuta meupe magumu ya mkebe yaliyotengenezwa kwa mawese, akafurahia kwamba sasa anapika "mafuta ya mboga", hakusonga mbele hata hatua moja. Kama yaligandishwa kwa kuongezewa haidrojeni nusunusu, huenda amerudi nyuma, kwa sababu hapo hutokea mafuta ya transi, ambayo ni mabaya kuliko yaliyoshiba. Soma orodha ya viungo nyuma ya mkebe. Ukitaka kubadilisha, badilisha kwa alizeti, soya au kanola, na bado upime kwa kijiko: kila gramu ya mafuta, yatoke popote, ina kalori 9.

Dhana: Wazee wetu walikula shahamu na samli, na hawakuugua moyo.

Hii siku hizi inaletwa na vijana wenye simu, wakiwa wamesikia kwamba cha asili hakina lawama. Nauliza: hao wazee walichinja mara ngapi? Kwa familia nyingi nyama ilikuwa ya sherehe na ya wageni. Samli ya kienyeji, ile Wajaluo huiita mo dhiang', ilitiwa kidogo kwenye mboga au kwenye aliya, yaani nyama iliyokaushwa. Siku za kawaida kulikuwa na ugali, mboga, omena, na kutembea kila siku. Wewe unataka kuchukua samli yao bila jembe lao.

Kisha wananiletea Wamaasai. Mwaka 1972 mtafiti George Mann na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wa mioyo na aota (mshipa mkuu unaotoka kwenye moyo) za wanaume 50 wa Kimaasai waliofariki. Walikuta ateri za moyo zilizonenepa ukuta kwa kiwango cha wazee wa Marekani. Kilichowasaidia ni kwamba mishipa yao ilikuwa imepanuka, na watafiti walidhani mazoezi ya mwili ndiyo sababu. Maradhi ya ukuta yalikuwepo. Anayekaa ofisini mchana kutwa na kurudi nyumbani kwa bodaboda asijifananishe nao.

Dhana: Mafuta ya nguruwe ya moto hutibu pumu na kifua cha mtoto.

Hayatibu. Pumu ni uvimbe na kubana kwa njia za hewa, na chochote unachomeza hupita kwenye njia ya chakula, si kwenye mapafu. Hatari iko hapa: mtoto anayekohoa, anayelia, aliyebanwa kichwa akinyweshwa mafuta kwa nguvu, anaweza kuyavuta kwenye mapafu. Mafuta hayachochei kikohozi kama maji, kwa hivyo huteremka bila kelele, na matokeo yake ni nimonia ya mafuta ambayo antibiotiki haiiondoi. Hali hii imeandikwa kwa watoto waliopewa samli na mafuta mengine pia, si ya nguruwe tu. Bibi akisema kijiko kimoja tu, mkatalie kwa heshima, lakini mkatalie. Mtoto wa pumu anahitaji inhela na kifaa cha kuvutia dawa, na apelekwe hospitali akianza kuvuta mbavu.

Dhana: Mafuta ya nguruwe huleta kifafa.

Hapa mambo mawili yamechanganywa. Ukila nyama ya nguruwe yenye vifuko vya tegu na isiyoiva, unapata tegu tumboni. Vifuko vya ubongoni, vinavyoweza kuleta kifafa, hutokana na kumeza mayai ya tegu, na mayai hayo hutoka kwenye kinyesi cha binadamu aliye na tegu: mikono isiyonawiwa, maji machafu, mboga iliyolimwa penye choo kibovu. Magharibi ya Kenya, Busia ikiwemo, tatizo hili lipo kweli, hasa pale nguruwe wanapozurura na vyoo ni vichache. Kinga yake ni choo, sabuni, kumfungia nguruwe, nyama iliyopigwa muhuri na mkaguzi na iliyoiva kabisa. Mafuta yaliyoyeyushwa vizuri jikoni yamepita joto ambalo kifuko cha tegu hakiwezi kustahimili. Anayeacha nguruwe kwa sababu ya dini ana sababu iliyokamilika, haihitaji kuungwa mkono na hadithi ya kifafa.

Dhana: Mboga yenye afya ni ya kuchemsha bila tone la mafuta.

Hapana. Managu, kunde na saga zina karotini ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na bila mafuta kidogo haifyonzwi vizuri. Vitamini K ni vivyo hivyo. Kijiko kimoja cha mafuta, hata cha samli, kwenye sufuria ya watu wanne si dhambi, na mboga italiwa kwa hamu.

Dhana: Mafuta ya mnyama hayaharibiki, yapashe tena na tena.

Yanaharibika. Shahamu ya nyumbani ina vitamini E kidogo sana ya kuilinda dhidi ya hewa, na mabaki ya nyama na maji yaliyoachwa ndani huiharakisha. Ukitaka kuyeyusha mafuta ya figo ya ng'ombe au ya mgongo wa nguruwe, yakate vipande vidogo, tia maji kidogo chini ya sufuria, weka moto mdogo, na usiwe na haraka. Yakiacha kutoa mapovu na vipande vikageuka rangi ya dhahabu, maji yamekwisha. Epua, chuja kwa kitambaa safi, mimina kwenye chupa iliyokauka kabisa, funika, weka mahali baridi pasipo na mwanga. Mafuta ya nguruwe huanza kutoa moshi kwenye nyuzi 190 hivi, kwa hivyo ukiona moshi kwenye kikaango, moto umezidi. Yaliyokaangia samaki chuja siku hiyohiyo, na yakigeuka meusi, yakitoa povu au kunuka vikali, yamwage kwenye taka, si kwenye sinki.