Gemu za PlayStation ndani ya kompyuta: yanayosemwa Mombasa na ukweli wake

Katika vibanda vya gemu vya Majengo na Kisauni, ambako PlayStation 2 iliwafundisha vijana wengi kushika pedi, si ajabu kukuta mashine iliyobaki kasha tu kwa sababu lenzi yake imeshindwa kusoma diski. Baadhi ya wenye diski hizo wamegeukia emuleta, yaani programu inayoifanya kompyuta itende kazi kama mashine ya gemu. Ni njia ninayoiunga mkono kwa moyo wote, kwa kuwa inazinusuru gemu zisizikwe pamoja na mashine zake; hata hivyo, imezungukwa na maneno yasiyo ya kweli yanayowapotezea watu fedha, na yanayowafanya wengine waiache kabla hawajaijua.

Dhana iliyoenea zaidi ni kwamba, maadamu PlayStation 2 ilitoka mwaka 2000, kompyuta yoyote ya leo itaimudu. Hoja hiyo ina sura ya ukweli: prosesa kuu ya mashine ile ilikwenda kwa kasi ya takriban megahezi 294 na kumbukumbu yake ilikuwa megabaiti 32, ilhali laptopu ya mtumba inazidi viwango hivyo mara nyingi. Kinachosahaulika ni kwamba prosesa ya kompyuta haiyaelewi maagizo yaliyoandikiwa mashine hiyo. Emuleta hulazimika kuyafasiri papo hapo, kama mkalimani wa mahakamani, na ndani ya PlayStation 2 msemaji si mmoja: kuna prosesa kuu, vitengo viwili vya hesabu za vekta, chipu ya picha, chipu ya sauti, na prosesa nyingine inayohudumia pedi na diski, zote zikifanya kazi kwa pamoja na kungojeana kwa vipande vya muda vidogo mno. Kuzifuatilia zote bila kuvuruga zamu zao ndiko kunakokula nguvu ya kompyuta. Hata Super Nintendo, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1990 ikiwa na prosesa isiyofika megahezi 4, hudai kompyuta yenye nguvu ya kutosha pale inapoigwa na bsnes, emuleta iliyotungwa kwa lengo la kufuata mwenendo wa mashine ile kwa usahihi mkubwa.

Hapo ndipo inapozaliwa dhana ya pili, ambayo naiona kuwa ya gharama zaidi: kwamba gemu ikikwama, dawa ni kununua kadi ya grafiki kubwa, yaani kifaa cha kompyuta kinachochora picha. Kwa PCSX2, emuleta ya PlayStation 2, na kwa Dolphin, inayoiga GameCube na Wii, mashine za gemu za Nintendo, mzigo mzito mara nyingi huangukia prosesa, hasa kasi ya kila kiini chake (sehemu ya prosesa inayofanya kazi kivyake) peke yake, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi hiyo haigawanyiki kwa urahisi miongoni mwa viini vingi. Kadi nzuri husaidia mtu anapopandisha ukubwa wa picha, na hata hapo hunyoosha kingo za maumbo tu. Rangi na michoro iliyopakwa juu ya maumbo hayo hubaki ileile iliyomo kwenye diski.

Katika joto la Mombasa kuna jambo jingine linalofaa kuchunguzwa kabla ya kutoa fedha. Prosesa ya laptopu ikipata moto kupita kiasi hujipunguzia kasi ili isiungue, kwa hiyo gemu iliyoanza vizuri inaweza kuzorota baadaye bila programu kuwa na kosa lolote. Kusafisha feni, kuiondoa laptopu juu ya godoro na kucheza ikiwa imechomekwa kwenye umeme huleta nafuu ambayo kadi mpya isingeileta.

Wapo pia wanaoona namba 50, yaani idadi ya picha kwa sekunde, ikiandikwa pembeni mwa skrini na kuamua kwamba kompyuta imeshindwa kufikia 60. Gemu nyingi zilizotengenezwa kwa mfumo wa PAL, ambao ndio uliotumiwa na televisheni za Kenya, zilikusudiwa kwenda kwa picha 50 kwa sekunde. Kipimo cha kutazama ni asilimia ya kasi: ikisimama kwenye 100, mashine inaigwa ipasavyo.

Kuhusu sheria, watu hukosea pande zote mbili. Anayesema kwamba emuleta yenyewe ni wizi anapingwa na uamuzi wa mahakama ya rufaa ya Marekani wa mwaka 2000, ambapo Sony ilishindwa kuizuia kampuni ya Connectix, iliyokuwa imetengeneza emuleta ya PlayStation kwa kompyuta za Macintosh. Anayesema kwamba gemu ya zamani ni mali ya kila mtu naye amepotoka, kwani Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inazilinda programu za kompyuta, na kuacha kuuzwa madukani hakuondoi ulinzi huo. Kuvunja kufuli za kidijitali zinazozuia gemu kunakiliwa nako ni suala tofauti: mwaka 2024 watengenezaji wa Yuzu, emuleta ya Switch, mashine ya gemu ya Nintendo, walishtakiwa na Nintendo na wakakubali kulipa dola milioni 2.4. Mwenye diski zake za PlayStation 2 ana njia iliyo safi zaidi, kwa kuwa kiendeshi cha kawaida cha DVD huweza kuzisoma na kutengeneza nakala.

PCSX2 hutolewa bure, nayo haiji na faili la BIOS, yaani programu ya msingi inayoiwasha PlayStation 2, ambalo mtumiaji anapaswa kulitoa kwenye mashine yake mwenyewe. Tovuti inayokutaka ujaze dodoso au ulipe kwanza ndipo upewe emuleta ya PlayStation 5 inakuibia.

La mwisho linahusu kuhifadhi mchezo. Wengi huamini kwamba kuigandisha hali ya gemu kwa kitufe cha emuleta kunatosha, kumbe faili hilo hufungamana na toleo la programu na linaweza kukataa kufunguka baada ya programu kusasishwa. Hifadhi pia ndani ya gemu yenyewe, kwenye memori kadi ya kuigiza, kisha weka nakala ya faili la memori kadi hiyo kwenye flashi.