Je, wajua kwa nini doa la moshi hurudi hata dari ikipakwa rangi upya?

Ingia jiko lolote la kuni Kongwa, Kondoa au pembezoni mwa jiji la Dodoma, kisha inua macho. Siling bodi iliyopakwa nyeupe majuzi tu imeshatoka madoa ya kahawia. Lawama humwangukia fundi, kumbe kosa si la rangi yake.

Moshi wa kuni umebeba masizi, yaani chembe za kaboni ambazo hazikuungua zikaisha, pamoja na mvuke wa lami itokayo kwenye mti. Mvuke huo ukigusa kitu cha baridi huganda na kunata, na masizi hunasa papo hapo. Ndiyo maana asubuhi za Juni na Julai, Dodoma ikiwa na baridi yake, bati la jikoni hudondosha matone meusi. Kuni mbichi ndizo mbaya kabisa: karibu nusu ya uzito wake huweza kuwa maji, na moto humaliza nguvu kuyachemsha badala ya kuunguza moshi.

Sasa, ukipaka rangi ya maji juu ya doa, maji yake huyeyusha sehemu ya lami ile na kuivuta hadi juu rangi inapokauka. Fagia kwanza masizi kwa ufagio mkavu, kwa sababu kitambaa chenye maji huyasukuma ndani. Futa kwa sabuni bila kuilowesha jipsamu ya siling bodi, iache ikauke, paka rangi ya mafuta, ndipo ije ya maji.

Wagogo katika tembe zao, nyumba za udongo zenye paa bapa, waliuhitaji moshi huohuo. Ulizikinga fito za paa dhidi ya wadudu, na mbegu zilining'inizwa juu ya mafiga ili fukusi wasizitoboe. Udongo hauna weupe wa kupoteza. Lakini vifua vya akina mama viliumia, na hilo mimi silioni dogo.

Kwa hiyo moshi utolewe kabla haujafika darini. Jenga dohani ipite juu ya paa. Kama huna, toboa matundu juu ya ukuta wa magharibi, kwani upepo wa Dodoma huvuma zaidi kutoka mashariki. Dohani isigusane na mbao za dari, na ifagiwe kabla ya mvua za Desemba: lami iliyoganda ndani yake huweza kushika moto.